Kibanda cha gemu na simu ya mama

Ukifika Kitale siku ya Jumamosi wakati wa likizo, usikimbilie matatu ya kwenda nyumbani mara moja. Tembea kidogo kutoka stendi ukielekea upande wa soko, kisha uingie vichochoroni ambako wauza mitumba, vinyozi na mafundi wa simu wamebanana kama dagaa. Haitachukua muda utasikia kelele za uwanja wa mpira mahali pasipo na uwanja. Hicho ni kibanda cha gemu. Ndani mna runinga mbili au tatu, mabenchi, pazia kuukuu mlangoni la kuzuia mwanga wa jua usiharibu picha, na vijana ambao hata ukiwaita kwa majina yao ya ubatizo hawageuki. Shilingi 10 au 20 kwa mechi moja. Anayefungwa huinuka, anayeshinda hubaki. Nenda Bungoma mjini, au upande wa Kanduyi, na mambo ni yayo hayo, ila pengine mabishano yanaendeshwa kwa Kibukusu.

Wazazi wengi hupandwa na mori wakikiona kibanda kama hicho. Wapo wanaowavizia wanao mlangoni na fimbo mkononi. Wapo pia waliokwisha kukata tamaa, wanaosema kizazi hiki kimepotea, na kwamba masomo ya watoto yameliwa na mashine. Naam, hofu yao ina msingi. Hata hivyo, mara nyingi nawasikia wakikemea jambo dogo na kuliacha kubwa likipita mbele ya macho yao. Juma hili ningependa tukae kitako, wewe mzazi na wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu pamoja naye, tulitazame jambo lenyewe bila kupigiana kelele.

Kwanza tukumbushane kidogo. Wewe mzazi uliyekuwa shuleni miaka ya tisini, hukikumbuki kile kidude cha mkononi kilichoitwa Brick Game, chenye matofali ya kuanguka, ambacho darasa zima lilikuwa likikipigania? Asili yake ni mchezo wa Tetris, uliobuniwa na Mrusi Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka wa 1984. Mwaka wa 1997 Nokia nayo ikaingiza mchezo wa nyoka kwenye simu zake, na simu hizo zilipotufikia huku magharibi mwa Kenya, watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wakimlisha nyoka huyo wakiwa kwenye foleni ya benki. Kwa hivyo tusijifanye malaika. Kucheza tumecheza.

Na kabla ya hayo tulicheza kati, bano, blada, gari la waya na mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba. Sasa hebu jiulize: ni kitu gani kilichokuwa kikiukomesha mchezo wa kati? Ni giza. Au ni njaa, au ni mama akiita kutoka jikoni, au ni mwenye mpira kununa na kwenda nao kwao. Michezo ile ilikuwa na mwisho uliotoka nje ya mchezaji mwenyewe. Hakuna mtoto aliyehitaji hekima ya kujikataza, kwa kuwa jua lilimkataza. Michezo ya leo haina machweo. Inachezeka saa nane mchana na saa nane usiku, chini ya blanketi, kimya kimya, na mechi moja ikiisha nyingine hujileta yenyewe kabla hujapepesa jicho.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alifanya majaribio na njiwa miaka mingi kabla ya hizi tarakilishi za mkononi. Aliwafungia kwenye visanduku vyenye kitufe, njiwa akidonoa kitufe anaangushiwa punje. Punje zilipoanguka kwa utaratibu unaojulikana, njiwa alidonoa kwa kiasi. Zilipoanguka bila utaratibu, leo baada ya kudonoa mara tatu, kesho baada ya mara hamsini, njiwa alidonoa bila kuchoka, na hata punje zilipokoma kabisa aliendelea kudonoa kwa muda mrefu. Watengenezaji wengi wa michezo ya simu walilisoma somo hilo wakalielewa vyema. Ndiyo maana mwanao hupewa kasha la zawadi ambalo hajui ndani yake mna nini, na ndiyo maana mwaka wa 2018 nchi ya Ubelgiji iliamua kuwa makasha ya namna hiyo yanayonunuliwa kwa pesa ni kamari, ikayapiga marufuku. Mtoto wa miaka 12 wa Matisi au Tuwan akishindwa kuiweka simu chini, usiharakishe kumwita mvivu. Anashindana na watu wazima walioajiriwa ili asiiweke chini.

Je, gemu zenyewe zinaharibu akili? Hapa nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Ushahidi hausemi hivyo. Mwaka wa 2003 watafiti C. Shawn Green na Daphne Bavelier walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa wachezaji wa michezo ya video ya kasi walikuwa na wepesi zaidi wa kuona na kutambua vitu vingi kwa mara moja kuliko wasiocheza. Mwaka wa 2017 Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na Netta Weinstein, walitoa uchunguzi uliohusu vijana wapatao 120,000 wa miaka 15 nchini Uingereza. Waligundua kuwa vijana wanaotumia michezo, simu na runinga kwa kiasi hawana dhiki yoyote kuwazidi wenzao, na kwamba madhara huanza kuonekana saa zinapozidi. Tena madhara hayo yalikuwa madogo sana yakilinganishwa na faida ya kitu cha kawaida kama kulala vizuri na kula kiamshakinywa.

Sentensi hiyo ya mwisho isome tena, mzazi. Kulala na kula.

Tukija kwenye usingizi ndipo tunapokutana na uharibifu wa kweli. Madaktari wa usingizi hupendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Sasa piga hesabu ya nyumbani kwako. Mwanafunzi wa shule ya kutwa anaamka saa kumi na moja alfajiri ili aoge, anywe chai na atembee kwa miguu. Ili apate saa 8 ni lazima awe amelala saa tatu usiku. Akiwa na simu kitandani hadi saa sita, amelala saa 5. Akirudia hivyo siku tano za shule, amepoteza saa 15 katika juma moja, karibu usiku mbili nzima. Na ni katika usingizi ndipo ubongo huyapanga na kuyahifadhi yale yaliyosomwa mchana. Kwa hiyo mwalimu wa hisabati aliyemfundisha Jumatatu amefundisha gunia lililotoboka. Baadaye ripoti ikija na alama ya D, baba husema ni gemu. Gemu ilicheza nafasi yake, lakini mwizi aliyebeba alama ni usiku.

Kwa watoto wadogo zaidi jambo hili halina mjadala mrefu. Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka wa 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa ni chini ya hapo ni bora zaidi. Najua, mama, ugali hausongeki na mtoto mgongoni analia, na simu humnyamazisha mara moja. Mpe sufuria na kijiko apige ngoma. Kelele zitakuwapo, lakini kelele zake ni zake.

Shirika hilohilo limeutambua rasmi uraibu wa michezo ya video kuwa ugonjwa. Uliingizwa katika orodha ya magonjwa iliyoidhinishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini tazama masharti yake kabla hujampeleka mwanao hospitali. Awe ameshindwa kabisa kujizuia, mchezo uwe umetangulia kila jambo lingine maishani mwake, aendelee kucheza hata baada ya kuyaona madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kwa miezi 12 au zaidi. Kijana anayecheza mpira wa runinga Jumamosi nzima, kisha Jumapili akaenda kanisani na Jumatatu akafanya kazi yake ya ziada, haumwi. Ana likizo.

Sasa tuingie shuleni, maana huko nako kuna kisa kirefu. Katika kampeni za uchaguzi wa 2013 wananchi waliahidiwa kuwa kila mtoto wa darasa la kwanza angepewa kipakatalishi. Zabuni ya kwanza ikavurugika, miaka ikapita, na mwaka wa 2016 vikaanza kusambazwa vifaa vidogo vya kugusa kwa kidole badala ya vipakatalishi. Chuo Kikuu cha Moi, hapa jirani Eldoret, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi hiyo kwa kushirikiana na kampuni ya Ureno. Vifaa zaidi ya milioni moja vilifikishwa katika shule za msingi zaidi ya 21,000 kote nchini, pamoja na vipakatalishi vya walimu na projekta. Ni kazi kubwa, asikudanganye mtu kuwa haikufanyika. Lakini muulize mtoto aliyeanza shule miaka ile ni mara ngapi alikigusa kifaa hicho. Katika shule nyingi viliwekwa kabatini na kufungwa kwa kufuli kwa kuwaogopa wezi. Kwingine betri zilikufa, kwingine stima haikuwapo, kwingine mwalimu hakuwahi kupewa mafunzo ya kutosha. Matokeo yake ni kuwa mtoto akajifunza teknolojia kwa mwalimu wa pekee aliyekuwa tayari kumfundisha kila siku bila mgomo, yaani mwenye kibanda cha gemu.

Halafu likaja janga la korona. Tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule. Zilifunguliwa kwa madarasa matatu tu mnamo Oktoba mwaka huo, na kwa wote Januari 2021. Katika miezi hiyo masomo yalirushwa kwa redio, runinga na mtandao na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Aliyekuwa na simu nzuri na bando alisoma. Asiyekuwa nayo alikwenda shambani kupalilia mahindi. Ilikuwapo pia huduma ya Shupavu 291, iliyowafikishia wanafunzi maswali na majibu kwa ujumbe mfupi hata kwenye kabambe ya kawaida isiyo na intaneti. Nakumbusha jambo hilo kwa kuwa tuna tabia ya kudhani kuwa teknolojia ya masomo ni lazima iwe ya bei ghali na yenye rangi za kumeremeta.

Tangu hapo simu haijaondoka mikononi mwa watoto, na mtaala wa CBC umeibakiza. Kazi ya ziada hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, mtoto anaagizwa atafute picha za mimea, au apige picha kazi aliyoifanya na kuituma. Mzazi anayenishauri nimwambie mwenzake apige simu marufuku nyumbani hajaulizwa na mwalimu picha ya mfumo wa mmeng'enyo saa mbili usiku. Twende mbele tukijua kuwa simu imo ndani ya nyumba na haitoki.

Shule za bweni nazo zinaishi katika dunia nyingine. Humo simu ni marufuku, na mwanafunzi akinaswa nayo hurudishwa nyumbani kumwita mzazi. Sina ugomvi na marufuku hiyo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka wa 2023 kuhusu teknolojia na elimu ilieleza kuwa mwanafunzi akishavurugwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudisha mawazo yake kwenye somo, na somo zima huwa ni dakika 40. Lakini fikiria kijana aliyekaa Kamusinga au St Anthony's miezi mitatu bila kugusa simu. Ratiba yake yote imepangwa na kengele: kuamka kengele, kula kengele, kulala kengele. Siku ya kufunga shule anashuka Bungoma au Kitale, anapewa simu, na hakuna kengele. Hajawahi kufundishwa kujipimia. Atakula kama aliyetoka kwenye saumu ya siku arobaini, na wiki mbili za kwanza za likizo zitapita hajaona jua. Wazazi wengi hushangaa kuwa mtoto mwenye nidhamu shuleni anakuwa hivyo nyumbani. Nidhamu ile ilikuwa ya kengele.

Nawe mwanafunzi, naona umeanza kunichoka, kwa hiyo nikupe upande wako. Si uongo kuwa gemu ni kazi kwa baadhi ya watu. Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, ni Mkenya aliyesomea sheria na ambaye mwaka wa 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani kucheza Tekken. Mwaka wa 2015 Andrew Kaggia na wenzake walitoa mchezo wa Nairobi X, ambao viumbe kutoka anga za juu wanauvamia mji mkuu wetu. Na huhitaji kwenda mbali kutafuta masomo ya kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka wa 2015, kiko hapo kando ya Bungoma na kina kitivo cha masomo ya kompyuta. Kitale ina chuo chake cha kitaifa cha ufundi. Ila nakuomba utazame tofauti iliyopo kati ya aliyetengeneza Nairobi X na anayekaa kibandani. Mmoja alikuwa akichora, akiandika programu na kupiga hesabu za mwendo na mwanga. Mwingine analipa shilingi 20. Ukitaka kujua uko upande gani, jiulize kama umewahi kutaka kujua mpira ule wa runinga unajuaje kudunda.

Nilisema tangu mwanzo kuwa kuna jambo kubwa linalopita mbele ya macho yetu. Jambo lenyewe ni pesa.

Kaa nje ya kibanda saa moja tu. Utaona vijana wawili wakiwekeana shilingi 50 kabla ya mechi. Hapo mchezo umekwisha kuwa kamari, ingawa hakuna aliyeutaja kwa jina hilo. Kisha kati ya mechi na mechi simu hutolewa, na kwenye simu hiyo kuna kandege kekundu kanakopaa. Huo ni mchezo wa Aviator, na kama hujauona, mwanao ameuona. Unaweka pesa, ndege inapaa, na inavyopanda ndivyo pesa yako inavyozidishwa: mara moja na nusu, mara mbili, mara tano. Ukibonyeza kabla haijatoweka umeshinda. Ikitoweka kwanza pesa imekwenda nayo. Kwa macho ya kijana hiyo ni gemu kama gemu nyingine, ina rangi, ina sauti, ina kubonyeza kwa wakati. Njiwa wa Skinner wangeipenda sana.

Sasa hesabu. Wenye mchezo huo wenyewe hutangaza kuwa kati ya kila shilingi 100 zinazowekwa, kwa wastani shilingi 97 huwarudia wachezaji. Husikika kama ukarimu. Lakini kijana haweki mara moja akaenda zake. Huweka tena zilizorudi, na kila raundi huchukua sekunde chache tu. Akizizungusha pesa zote mara 30, zile shilingi 100 kwa wastani zimebaki kama 40, na hata nusu saa huenda haijaisha. Yupo atakayeshinda leo, na ndiye atakayetajwa mtaa mzima. Walioshindwa hunyamaza, kwa sababu pesa hazikuwa zao.

Zilikuwa za nani? Chukulia kuwa wewe ni mama unayekaa upande wa Kiminini. Mahindi yamevunwa, umeuza magunia kadhaa, na mnunuzi amekutumia pesa kwa M-Pesa. Humo mna karo ya Januari, mbolea ya Machi na deni la duka. Anayekusomea ujumbe unapoingia ni mwanao, kwa kuwa miwani yako ilivunjika tangu mwaka juzi. Anayemtumia nyanya pesa za dawa kwa niaba yako ni yeye. Namba yako ya siri anaijua kuliko anavyoijua tarehe yako ya kuzaliwa. Usiku simu inakaa kwake kwa sababu ya kazi ya shule. Hajakusudia kukuibia. Ameweka 50 akashinda 120, akaweka 100 zikapotea, akaweka 200 ili azirudishe zile 100 usije ukajua, na kufikia alfajiri amekwisha kuingia kwenye karo akiitafuta karo. Huyo si jambazi, ni mtoto anayeogopa, na anayeogopa ndiye hupoteza zaidi.

Sheria ipo. Mwaka wa 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kamari, na baadaye mchezo ukarudi kwa sura nyingine. Aprili 2025 matangazo yote ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na Agosti mwaka huohuo ikatiwa sahihi Sheria ya Udhibiti wa Kamari iliyounda mamlaka mpya ya kuisimamia. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Nchi nyingine nazo zinahangaika kwa njia zao: China tangu 2021 imewawekea watoto saa tatu tu za gemu za mtandaoni kwa juma, nayo Australia tangu Desemba 2025 imewafungia walio chini ya miaka 16 mitandao ya kijamii. Mipango mizuri, lakini kwetu ina tundu moja kubwa. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, mama. Kwenye vitabu vya kampuni ile, anayecheza saa saba usiku ni mwanamke mkulima wa miaka 44, na hakuna sheria inayomzuia.

Kwa hiyo kazi imerudi nyumbani, na wala si kubwa kama unavyodhani. Simu zote za nyumba, yako ikiwamo, zichajiwe usiku mahali pamoja, sebuleni au chumbani mwako, kuanzia saa tatu. Nasema yako ikiwamo kwa sababu mtoto hatakubali kunyang'anywa simu na baba anayetazama video hadi saa tano. Kazi ya shule ya kwenye simu ifanywe mezani, mapema, watu wakipita. Hao wasichana tunaowasifu kuwa hawaendi kibandani nao waulizwe, maana wengi wanakesha kwenye TikTok, na usingizi unaopotea huko ni uleule.

Kibandani kwenyewe, nenda. Ingia, kaa kwenye benchi, lipa shilingi 20, ufungwe mabao manane na mwanao. Ni gharama ndogo kwa mzazi atakayeona kwa macho yake ni nani wanaokaa humo, kama kuna pesa zinazowekwa, na kama watoto wa shule huonekana siku za masomo. Zungumza na mwenyewe. Wengi wao ni vijana wanaotafuta riziki, na wakiombwa kwa heshima na wazazi watano wa mtaa mmoja wasiwapokee wenye sare kabla ya saa kumi, na wasiruhusu dau, si ajabu wakakubali, kwa maana wazazi hao ndio majirani na ndio watakaoita chifu siku mambo yakiharibika. Tena sisi wenyewe tuangalie tumewaachia nini watoto nje ya kibanda. Viwanja vya mtaani vimejengwa maduka. Jumba la makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka wa 1974, lina nyoka, mamba na msitu wa kutembea, na wapo watoto waliozaliwa mjini humo ambao hawajawahi kulikanyaga. Ukimwambia mtoto aache gemu, awe na mahali pa kwenda.

Na wewe mwanafunzi uliyekwisha kupoteza pesa zisizo zako, usingojee uzirudishe kwanza. Hazirudishwi kwa njia ile. Mwambie shangazi, mwalimu, au yeyote unayemwamini akusindikize kwa mama. Ukishindwa kabisa kumpata mtu, namba 116 ya simu ya watoto hupigwa bila malipo. Kipigo, kama kitakuwapo, ni cha siku moja, nawe mzazi naomba kisiwepo, maana atakayepigwa kwa kusema kweli mara hii hatasema mara nyingine, na karo ya muhula wa pili nayo itapita kwenye simu hiyohiyo.

Miwani itengenezwe, mama. Na namba ya siri ibadilishe leo, kabla hajarudi kutoka kibandani.